Kutambua Sarafu ya Kale Iliyofutika na Kuliwa na Kutu: Mwongozo Kamili

Ukishika sarafu ya kale iliyofutika, jicho hukimbilia kichwani. Unaona pua, unaona kidevu, moyoni unasema "huyu ni Augustus," kisha unamaliza juma zima ukitafuta picha za Augustus zinazofanana naye. Wengi wanaoniletea sarafu zao wamekwama hapo hapo. Wameanza na jina, ilhali jina ndilo la kuja mwisho.

Sababu yake inaonekana kwenye sarafu yenyewe. Shavu na nywele ndizo zilizoinuka zaidi upande wa mbele, kwa hiyo ndizo zinazosagika kwanza mikononi mwa watu. Zikishasagika, watawala wote hufanana. Kipenyo, uzito, ukingo na umbo la jumla la picha ya upande wa nyuma hudumu zaidi. Tutaanza na vilivyodumu, kisha tusogee polepole kuelekea vilivyofutika.

Mifano mingi hapa ni ya Kirumi, kwa kuwa shaba ndogo za Kirumi za karne ya 4 ziligongwa kwa wingi mno na hukutwa katika eneo kubwa sana. Mpangilio wa kazi ni ule ule kwa sarafu nyingine yoyote.

## Vifaa vya kuandaa

- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, ya aina wanayotumia wauza vito. Mizani ya jikoni haifai, kwa sababu gramu moja tu inaweza kutenganisha aina mbili za sarafu.
- Kalipa (kifaa cha kupimia upana na unene) ya plastiki. Ya chuma hukwaruza.
- Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10.
- Taa ndogo au tochi yenye mwanga mmoja unaoweza kuusogeza.
- Simu yenye kamera, na kitu cha kuishikilia isitikisike.
- Vijiti vya meno vya mbao, brashi laini, na maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba yana klorini na chumvi.
- Karatasi, penseli na bikari.
- Sumaku ndogo.

## Kabla ya hatua yoyote: usiisafishe

Nasema hili kwa uchungu. Sarafu ya kwanza niliyowahi kuimiliki niliiloweka kwenye maji ya limau usiku kucha. Jioni nilikuwa naziona herufi nne. Asubuhi nilikuta kipande cha rangi ya waridi chenye vishimo kama sifongo, bila herufi hata moja. Mpaka leo sijui ilikuwa sarafu gani.

Shaba inapokaa ardhini kwa karne nyingi, tabaka lake la juu hugeuka na kuwa madini ya kijani, kahawia au mekundu. Mara nyingi uso wa asili, pamoja na herufi zake, umehifadhiwa ndani ya tabaka hilo. Chini yake kuna metali iliyolika tu. Ukiliondoa kwa limau, siki, dawa ya kung'arisha au brashi ya waya, umeyaondoa na maandishi.

Unachoruhusiwa ni hiki: loweka kwenye maji yaliyokenekwa, badilisha maji kila siku, kisha ondoa udongo uliolainika kwa kijiti cha mbao ukitazama kwa lenzi. Udongo ukigoma, mwache. Mafuta ya zeituni yanasifiwa sana, lakini yana asidi yake nayo hula taratibu. Mimi siyatumii.

Na kama sarafu imetoka ardhini, uliza kwanza sheria ya mahali ilipopatikana. Nchi nyingi hutaka vitu vya namna hiyo viripotiwe, na mahali kilipokutwa ni sehemu ya ushahidi wa utambulisho wake. Andika mahali hapo kabla hujasahau.

## Hatua ya 1: Angalia kama sarafu inaumwa

Kijani si kibaya chenyewe. Kijani kigumu, laini kwa kugusa, kinachong'aa kidogo, ni ngozi ya uzee na kinailinda sarafu. Kibaya ni kijani cheupe cheupe kilicho kama unga, kinachotoka kwa madoa, na ukikipangusa hurudi baada ya siku chache. Hiyo ni kloridi iliyojificha ndani ya shaba. Ikipata unyevu na hewa hutengeneza asidi, asidi hula shaba mpya, na mzunguko unaendelea mpaka sarafu igeuke vumbi.

Namna ya kupima: pangusa unga kwa brashi kavu, iweke sarafu juu ya karatasi nyeusi, itazame tena baada ya siku nne au tano. Unga ukirudi, usiendelee kuilowesha. Iweke peke yake kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na pakiti za jeli ya silika, ipige picha haraka, na mtafute mtaalamu wa uhifadhi wa metali. Picha hizo zinaweza kuwa ndizo utakazozifanyia kazi.

*Umefaulu ukiwa* unajua kama sarafu inaweza kushikwa na kuloweshwa, au inahitaji ukavu tu.

## Hatua ya 2: Pima, uandike

Pima kipenyo mara mbili, sehemu pana zaidi na sehemu nyembamba zaidi. Pima unene. Pima uzito sarafu ikiwa kavu kabisa.

Kipenyo kiamini kuliko uzito, kwa kuwa kutu huondoa metali bila kupunguza upana sana. Sarafu iliyoliwa inaweza kuwa nyepesi kuliko ilivyotoka karakanani ilikogongwa, na iliyoganda udongo huonekana nzito. Uzito utumie kuondoa yasiyowezekana, usiutumie kuchagua jibu.

Vipimo vichache vya kukumbuka: dinari ya fedha ya Kirumi huwa na gramu 3 hadi 4 na upana wa milimita 17 hadi 20. Sestertius, ile shaba kubwa ya Kirumi, hukaribia gramu 25 na huzidi milimita 30. Sarafu ya fedha ya drakma nne ya Athens, yenye bundi, ina gramu 17.2. Shaba za Kirumi za mwishoni mwa karne ya 4 huweza kuwa ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, na za wafalme wa Ptolemaio wa Misri nyingine huzidi milimita 40. Kwa hiyo kabla hujatazama picha hata moja, kipimo peke yake kimeshafunga milango mingi.

## Hatua ya 3: Metali na ukingo

Isogeze sumaku. Shaba, fedha na dhahabu hazivutwi. Ikivutwa, una chuma mkononi, na karibu kila mara ni kitu cha juzi juzi.

Kisha tazama ukingo pande zote. Watu huuruka, na mimi huona ndiyo sehemu inayosema ukweli haraka kuliko zote:

Meno kama ya msumeno yaliyokatwa kuzunguka ukingo hupatikana kwenye baadhi ya shaba za wafalme wa Seleukia na baadhi ya dinari za Jamhuri ya Kirumi. Tundu la mraba katikati ni dalili ya sarafu iliyomiminwa ya China au ya majirani wake. Sarafu iliyopinda kama kisahani inaelekeza Bizanti (Dola ya Roma ya Mashariki) ya zama za kati. Umbo la mraba huonekana kwenye sarafu za India ya kale na za wafalme wa Kigiriki waliotawala huko.

Ukiona kishimo kidogo cha mviringo katikati kabisa ya kila upande, usidhani mtu aliitoboa. Shaba za Ptolemaio na nyingi za miji ya mashariki chini ya Roma zilitoka karakanani na kishimo hicho. Nimeona watu wakikijaza kwa gundi ili "kuitengeneza" sarafu, wakafuta dalili bora waliyokuwa nayo.

Mstari ulioinuka unaozunguka ukingo wote katikati kabisa, kama mshono, ni wa kutiliwa shaka. Waghushi humimina nakala kwenye kalibu mbili, na mshono huo ndipo kalibu zilipokutana.

## Hatua ya 4: Lala na mwanga

Hapa usikimbie. Sarafu ninazoletewa kama "tupu" nyingi si tupu. Zimetazamwa chini ya taa ya dari, na taa ya dari hufuta kila mwinuko.

1. Zima taa zote za chumba.
2. Weka sarafu juu ya kitambaa cheusi, simu juu yake ikiwa imetulia.
3. Shusha tochi mpaka mwanga uteleze juu ya uso wa sarafu, karibu ulale nao sambamba. Mwinuko mdogo kuliko unene wa karatasi sasa unatupa kivuli.
4. Piga picha. Usiguse sarafu wala simu. Sogeza tochi robo ya mzunguko, piga tena. Fanya hivyo pande nne, na nane kama una subira.
5. Geuza picha ziwe nyeusi na nyeupe. Rangi za kutu hudanganya jicho, likadhani doa ni herufi.

Onyo moja: macho yetu hutegemea mwanga utoke juu. Ukitazama picha ambayo mwanga wake ulitoka chini, mwinuko huonekana kama shimo na shimo kama mwinuko. Kichwa kikionekana kimezama, zungusha picha mpaka mwanga utoke juu.

Ujanja mwingine: dondosha tone moja la maji yaliyokenekwa juu ya sehemu ngumu kusoma. Uso uliolowa hukolea rangi, na herufi ambazo metali yake imezeeka tofauti na uwanja wake hujitokeza kwa dakika moja au mbili. Kausha vizuri baadaye. Usifanye hivi kwa sarafu iliyofeli hatua ya 1.

*Umefaulu ukiwa* una angalau picha nne kwa kila upande, na kila picha inaonyesha kitu ambacho nyingine haikuonyesha.

## Hatua ya 5: Upande wa nyuma kwanza, kama kivuli

Chora duara kwa bikari, kubwa mara tatu ya sarafu. Ndani yake chora unachokiona tu, bila kukipa jina. Wima mmoja. Wima miwili. Kitu cha mlalo chini. Usiandike "askari," chora fimbo yenye kichwa. Ukishakipa kitu jina, jicho linaanza kuona mkuki ambao haupo.

Mchoro ukikamilika, jiulize ni kivuli cha aina gani:

Watu wawili wamesimama wakitazamana, kitu cha wima kati yao. Shaba ndogo ya Kirumi ya miaka ya 330. Ni askari wenye bendera za jeshi, maandishi ni GLORIA EXERCITVS. Hesabu bendera: mbili ni za mwanzo, moja ni ya kuanzia karibu 335.

Mtu wima anamwelemea mwingine anayeanguka na kitu kikubwa chini yao. Askari anamchoma mpanda farasi. FEL TEMP REPARATIO, kuanzia 348.

Mnyama amesimama, vitu viwili vidogo chini ya tumbo. Mbwa mwitu jike na mapacha wa Roma. Upande wa mbele utakuwa na kichwa chenye kofia ya chuma na VRBS ROMA, hakuna mfalme wa kumtafuta.

Mtu mwenye bawa anavuta kitu chini nyuma yake. Mungu wa kike wa Ushindi na mateka, SALVS REIPVBLICAE, mwishoni mwa karne ya 4. Hizi ni ndogo sana.

Herufi moja kubwa inayojaza uwanja: M, K, I au E ya mviringo. Bizanti. Herufi ni tarakimu ya Kigiriki: M ni 40, K ni 20, I ni 10, E ni 5. Mfumo huo ulianza 498 chini ya Anastasius. Ukiona ANNO kushoto na tarakimu kulia, huo ni mwaka wa utawala, na una bahati kubwa.

Mtu ameketi, ameshika upinde. Parthia, ufalme wa kale wa Uajemi.

Nguzo pana katikati, mtu kila upande, sarafu nyembamba na pana ya fedha. Madhabahu ya moto ya Wasasani, watawala wa Uajemi baada ya Parthia.

Mistari ya maandishi pande zote mbili, hakuna picha. Sarafu ya Kiislamu, ya baada ya mageuzi ya Bani Umayya ya miaka ya 690. Nyingi hutaja mwaka na mji kwa maneno, kwa hiyo mtafute msoma Kiarabu kabla ya kutafuta picha.

Mnyama, chombo au mungu peke yake, na neno fupi. Mji wa Kigiriki. Neno mara nyingi ni jina la watu wa mji au mtawala katika hali ya umilikaji, kwa mfano AΛEΞANΔPOY, "ya Aleksanda."

Orodha hii haimalizi dunia, lakini kivuli kikikubaliana na kipimo cha hatua ya 2, una familia. Kivuli kikisema Bizanti na kipimo kikikataa, rudi kwenye picha.

## Hatua ya 6: Herufi, moja moja, mahali pake

Chora duara jingine. Zungusha sarafu chini ya mwanga na uweke kila kipande cha herufi mahali pake hasa kwenye duara. Pale pasiposomeka weka nukta. Nafasi ina thamani sawa na herufi, kwa kuwa inakwambia ni herufi ngapi zimepotea.

Kwenye sarafu nyingi za Kirumi, maandishi ya mbele huanza chini kushoto karibu na bega, hupanda, hukatika juu ya kichwa, kisha hushuka kulia. Mwanzo huwa cheo: IMP (Imperator), au D N (Dominus Noster, "bwana wetu") kwenye karne ya 4. Mwisho huwa AVG (Augustus, cheo cha mtawala mkuu) au P F AVG, ambapo P F ni Pius Felix, maneno ya sifa. Kwa hiyo sehemu ngumu ya jina huwa katikati, upande huu na huu wa kilele cha kichwa. Elekeza mwanga huko.

Angalia mitego: V ni U. A iliyofutika mlalo wake hufanana na V iliyogeuzwa. Katika Kigiriki, C ni sauti ya S na P ni R. Ukikuta AYT K mwanzoni, vyeo vya mtawala kwa Kigiriki, ni mtawala wa Kirumi kwenye sarafu ya mji wa mashariki, na kanzidata ya kutafuta ni nyingine.

Nichukue sarafu moja niliyoifanyia kazi. Milimita 17, gramu 2.1, shaba, kivuli cha askari na mpanda farasi. Nyuma, juu kushoto, niliona MP, pengo, kisha wima wenye tumbo juu: R. Hiyo ni [FEL TE]MP R[EPARATIO], na imekaa mahali inapopaswa kukaa. Mbele, upande wa kulia wa kichwa, nilisoma TIVS P F na hakuna zaidi.

TIVS inatoa CONSTANTIVS. Lakini Constantius walikuwa wawili katika miaka hiyo: Constantius II, mtawala mkuu, na Gallus, naibu wake kati ya 351 na 354, aliyeitwa Constantius naye. Cheo cha Gallus kwenye sarafu kiliishia NOB CAES, yaani Caesar, cheo cha naibu, si P F AVG. Herufi P na F, ambazo mtu angezipuuza, ndizo zilizomaliza ubishi.

## Hatua ya 7: Sasa tazama kichwa

Usitafute sura, tafuta kilichovaliwa. Taji la miale linaacha miiba mitatu minne juu ya fuvu hata sarafu ikichakaa. Taji la majani linaacha vifundo viwili vya utepe kisogoni. Ukanda wa lulu, wa kuanzia zama za mtawala Constantine mwanzoni mwa karne ya 4, unaacha mstari wa nukta juu ya sikio. Kichwa kitupu karne ya 4 mara nyingi ni cha naibu mtawala.

Kwenye sarafu yangu, lenzi ilionyesha nukta tatu zilizopangana nyuma ya sikio. Lulu. Gallus hakuivaa, kwa hiyo ushahidi wa pili ulikubaliana na wa kwanza bila mimi kuusukuma.

Ndevu husaidia pia. Watawala wa Roma kabla ya Hadrian, aliyeanza 117, kwa kawaida hawakuonyeshwa na ndevu ndefu. Baada yake zilikuwa desturi, na Constantine akarudisha kidevu kilichonyolewa.

## Hatua ya 8: Chini ya mstari wa miguu

Upande wa nyuma, chini ya mstari ambao picha imesimama, sarafu za Kirumi za karne ya 4 hubeba alama ya karakana: ANT ni Antiokia, ALE ni Aleksandria, CONS ni Constantinople, SMTS ni Thessalonica, SIS ni Siscia, TR ni Trier, SMK ni Cyzicus, SMN ni Nicomedia, SMH ni Heraclea.

Kwenye sarafu yangu nilisoma SM na wima mmoja, basi. K, N na H zote huanza kwa wima. Nilihangaika na mwanga kwa saa nzima na wima ule haukuongezeka kitu. Niliacha hivyo, na wewe uache hivyo pia unapofika mahali pa namna hiyo.

## Hatua ya 9: Linganisha, kisha andika

Sasa ndipo uende kwenye intaneti. Kwa watawala wa Roma tumia OCRE, kanzidata ya bure ya American Numismatic Society. Kwa miji ya mashariki chini ya Roma tumia RPC Online. Kwa Aleksanda Mkuu na wafalme wa Makedonia kuna PELLA. Kwa sarafu za Asia na za Kiislamu, Zeno ina hazina kubwa ya picha.

Tafuta kwa maelezo ya upande wa nyuma na herufi ulizonazo, usitafute kwa picha. Programu za simu za kutambua kwa picha hufanya kosa lile lile la mwanzoni: hukimbilia sura.

Ukipata mfano unaofanana, jaribu kuukataa. Je, herufi zako zinakaa mahali pale pale? Maandishi yanakatika pale pale juu ya kichwa? Kipenyo kinakubali? Jibu moja la "hapana" linatosha kukurudisha hatua ya 5.

Kisha andika kadi, na herufi ulizozijaza mwenyewe zitie kwenye mabano ya mraba, ili atakayekuja baada yako ajue ulichoona na ulichokisia. Kadi ya sarafu yangu inasomeka hivi:

*Constantius II, shaba, mm 17, g 2.1. Mbele: [D N CONSTAN]TIVS P F [AVG], kichwa chenye ukanda wa lulu, kinatazama kulia. Nyuma: [FEL TE]MP R[EPARATIO], askari akimchoma mpanda farasi anayeanguka. Chini: SM[K, N au H]. Kati ya 348 na 361. Mtawala: hakika. Karakana: haijasomeka.*